Damu ya Mtoto Isiwe Kipimo cha Nyumba

Mtu anayepanga nyumba ya zamani nchini Marekani hupewa, pamoja na mkataba, karatasi moja ya kutia saini ambayo wengi hawaisomi. Inahusu rangi yenye madini ya risasi. Mwenye nyumba anatakiwa aweke alama kwenye kimoja kati ya visanduku viwili: ama anajua kwamba nyumba yake ina rangi hiyo, ama hana habari. Chini yake vipo vingine viwili: ana ripoti za vipimo, au hana. Akijaza kwamba hajui na hana ripoti, amemaliza kazi yake. Mpangaji anatia saini kuthibitisha kwamba amepokea kijitabu cha maelezo, anakabidhiwa funguo, na familia inahamia.

Karatasi hiyo inatokana na sheria ya shirikisho iliyopitishwa mwaka 1992 na kuanza kutumika kwa wapangishaji mwaka 1996. Inagusa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, mwaka ambao serikali ya Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Waliotunga sheria walitaka mpangaji aambiwe ukweli, na nia hiyo siibezi. Lakini tazama inavyofanya kazi. Sheria inamwuliza mwenye nyumba anajua nini, wala haimwagizi apime. Aliyepima akaikuta risasi analazimika kusema, na akisema atampoteza mpangaji au atabanwa afanye ukarabati. Asiyepima hana la kusema. Mwenye nyumba anayejali mfuko wake kuliko wapangaji wake ataamua kutopima, na sheria itampongeza kwa kutojua kwake.

Nyumba zenyewe si chache. Mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo inakadiria kwamba nyumba milioni 31 za kabla ya 1978 bado zina rangi ya risasi, na katika milioni 3.8 kati ya hizo wanaishi watoto wa chini ya miaka 6.

Naliandika jambo hili katika gazeti la Kiswahili kwa sababu wanaoingia katika nyumba hizo ni watu wetu. Kwa miaka kadhaa Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na pamoja nao walikwenda Warundi, Wasomali na wengineo waliokaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Dzaleka. Wengi waliishia katika miji ambayo viwanda vyake vimekufa na kodi zake bado zinalipika: Rochester na Buffalo katika jimbo la New York, Lewiston katika jimbo la Maine. Familia ya watoto sita inayoanza maisha kwa mshahara wa kiwanda cha kuku au wa usafi wa hoteli haipati ghorofa jipya. Inapata nyumba ya mbao ya mwaka 1910 au 1920, yenye vyumba vingi na kodi nafuu, kwa sababu wenye uwezo walishaihama.

Balaa kubwa la nyumba hizo liko madirishani. Dirisha lenyewe ni la mbao, lenye fremu mbili, moja juu na nyingine chini, na ile ya chini hupandishwa na kuteremshwa ndani ya mfereji wa mbao. Mfereji huo umepakwa rangi tena na tena kwa miaka mia moja. Tabaka za ndani kabisa, zile za kabla ya 1950, zinaweza kuwa na risasi inayokaribia nusu ya uzito wake. Kila dirisha linapofunguliwa, mbao husuguana na mbao na rangi ikasagika kuwa unga usioonekana kwa macho. Unga hutua kwenye kizingiti, kisha sakafuni, palepale mtoto anayetambaa anapoweka viganja vyake kabla ya kuvipeleka kinywani. Mama anaweza kufagia kila asubuhi na asisaidie kitu, maana ufagio mkavu huurusha juu tu, na baada ya saa moja umeshatua tena.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Kwa kanuni mpya za mwaka 2024, sakafu iliyosafishwa baada ya ukarabati wa risasi haipaswi kubaki na zaidi ya mikrogramu 5 katika futi moja ya mraba. Piga hesabu: gramu moja tu ya risasi, ikitawanywa sawasawa, inatosha kuchafua futi za mraba 200,000 kufikia kiwango hicho. Huo ni ukubwa wa zaidi ya viwanja viwili vya mpira.

Mwili wa mtoto huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa na ubongo. Mtoto anaweza kufyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza, na mwenye upungufu wa madini ya chuma, kama walivyo watoto wengi waliolelewa kwa mgawo wa chakula kambini, hufyonza zaidi. Haumwi. Hana homa wala upele. Miaka mitatu baadaye mwalimu analalamika kwamba hatulii darasani na kusoma kunamshinda. Uchambuzi wa mwaka 2005 ulioongozwa na Bruce Lanphear, uliokusanya takwimu za watoto 1,333 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba risasi inapopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 katika desilita moja ya damu, mtoto hupoteza karibu pointi 4 za kipimo cha akili. Dawa za kuiondoa hutolewa kwa walioathirika sana tu, na hazirudishi kilichokwisha kupotea.

Mwaka 2000, mtoto wa kike wa miaka 2, wa familia ya wakimbizi wa Sudan waliotokea Misri, aliyekuwa akiishi katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, alifariki. Alikuwa amekaa Marekani wiki chache tu. Damu yake ilikuwa na mikrogramu 392 za risasi kwa desilita. Leo kiwango kinachotosha kuwashtua madaktari wa huko ni 3.5. Rangi ilikuwa ikibanduka katika nyumba kuukuu waliyopangishwa, na mtoto alikuwa akiila. Kilichofuata mahakamani kinanikera mpaka leo. Meneja wa nyumba hiyo alifungwa miezi 15 kwa kughushi karatasi ile ile ya visanduku, ili ionekane kwamba familia ilikuwa imeonywa. Kosa lililompeleka jela lilihusu karatasi. Kama angeijaza mapema na kwa ukamilifu, kwamba hajui na hana ripoti, rangi ingebaki ukutani vilevile na mtoto angeila vilevile.

Baada ya kifo hicho, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kilipendekeza watoto wakimbizi wapimwe damu mara wanapofika, kisha wale wadogo wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Pendekezo la kwanza linaeleweka: mtoto anaweza kuwa amekuja na risasi kutoka alikotoka, kwenye sufuria, vipodozi au betri kuukuu. Pendekezo la pili lingepaswa kuwatia watu aibu. Kipimo cha pili kinachunguza nyumba imemfanya nini mtoto katika miezi hiyo, yaani mtoto ametumika kuikagua.

Wasomaji wa Mombasa wanaijua hali hii. Huko Owino Uhuru moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri viliingia kwenye vibanda vya watu miaka mingi, na ilibidi akina mama, wakiongozwa na Phyllis Omido, wapeleke damu za watoto wao maabara ndipo wasikilizwe. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na ilipofika Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo baada ya kupinduliwa katika rufaa. Chanzo cha sumu ni tofauti, lakini ushahidi uliodaiwa ni ule ule.

Hoja yangu basi ni kwamba nyumba ya kupanga ya zamani ipimwe kabla familia haijaingia, iandikwe kwenye daftari la umma, na isiyo na cheti mwenyewe asiweze kuidai kodi. Mambo hayo matatu yanakwenda pamoja. Ukiondoa moja, mengine mawili yanalegea.

Rochester ilithubutu mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwalimu mkuu wa Shule Namba 17, Ralph Spezio, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wake wengi walikuwa wakishindwa darasani. Kwa kushirikiana na kliniki, aligundua kwamba asilimia 41 ya watoto walioingia shuleni kwake walikuwa na historia ya risasi katika damu. Hakuishia kusikitika. Yeye na wenzake waliunda umoja wa wazazi, madaktari, walimu na makanisa, wakaisumbua manispaa kwa miaka kadhaa, na mwishoni mwa 2005 madiwani wakapitisha sheria iliyoanza kutumika Julai 2006.

Rochester haikuunda idara mpya. Mji ulikuwa tayari una cheti ambacho kila nyumba ya kupanga inapaswa kukihuisha baada ya miaka kadhaa, na ukaguzi wa risasi ukaingizwa humo humo. Mkaguzi wa manispaa anaingia, anaangalia rangi iliyopasuka au kubanduka ndani na nje, na hata udongo mtupu kandokando ya kuta. Katika mitaa yenye hatari zaidi, nyumba iliyofaulu kwa macho bado haijafaulu. Mkaguzi anapima eneo dogo sakafuni na kwenye kizingiti cha dirisha, anachukua kitambaa chenye unyevu, anapangusa eneo lote, anakikunja, anapangusa tena kwa upande mwingine, kisha anakitia kwenye kichupa na kukipeleka maabara. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Majibu yakiwa mabaya, cheti hakitoki mpaka nyumba itengenezwe.

Wakati wa mjadala wenye nyumba walitabiri maafa: kwamba kodi zitapanda, majengo yatatelekezwa, na maskini watalala nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, akiwemo Katrina Korfmacher, walifuatilia na hawakuona soko la nyumba likiporomoka kama ilivyotabiriwa. Walichokiona ni kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi katika wilaya ya Monroe, ambako mji huo upo, ilishuka kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya jimbo kwa jumla. Naam, kulikuwa na juhudi nyingine pia, na risasi ilikuwa ikipungua nchi nzima. Ila pengo kubwa kiasi hicho halielezeki kwa bahati.

Buffalo iko umbali wa kilomita 120 hivi tu, kwenye barabara ile ile kuu. Nyumba zake ni za umri ule ule, na mtaa wake wa West Side umejaa Wakongo na Warundi. Ilichelewa hadi 2020 kupitisha sheria ya kukagua nyumba za kupanga bila kusubiri malalamiko. Sheria ilipopita, ukaguzi ukasuasua, wakaguzi wakawa wachache, na hatimaye vikundi vya kutetea wapangaji vikaipeleka manispaa mahakamani kuidai itekeleze sheria yake yenyewe. Mkimbizi aliyetua Rochester na nduguye aliyetua Buffalo walipanda ndege moja. Tofauti ya watoto wao katika jambo hili imeamuliwa na bajeti ya wakaguzi.

Kuna kosa jingine ambalo hata majimbo yenye nia njema yamelifanya, nalo ni kuifunga sheria kwenye umri wa mtoto. Massachusetts, iliyokuwa mstari wa mbele tangu 1971, inamtaka mwenye nyumba aondoe hatari ya risasi pale anapoishi mtoto wa chini ya miaka 6. Kwenye karatasi inapendeza. Mitaani, mwenye nyumba anamwona mama mjamzito mlangoni na anahesabu gharama. Kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya watoto ni kosa kisheria nchini kote tangu 1988, lakini nani atathibitisha? Anaambiwa nyumba imeshachukuliwa, basi. Sheria iliyotungwa kumlinda mtoto imemgeuza mtoto kuwa sababu ya familia kukosa makazi, na familia zenye watoto wengi, ambazo ndizo zetu, zinaumia kwanza.

Philadelphia ilijifunza. Sheria yake ya mwanzo ya mwaka 2012 ilidai cheti pale tu mtoto mdogo anapohamia. Kuanzia Oktoba 2020 mji ukaanza kuieneza kwa nyumba zote za kupanga zilizojengwa kabla ya Machi 1978, awe anaingia bibi wa miaka 80 au mapacha wa miezi mitatu. Cheti kinadumu miaka 4, na asiyekuwa nacho hawezi kupata leseni ya upangishaji wala kudai kodi. Sheria inalifuata jengo, na mwenye nyumba hapati faida yoyote kwa kuchagua mpangaji asiye na watoto.

Kuhusu daftari, mfano mzuri ni Maryland. Tangu miaka ya 1990 jimbo hilo linamtaka kila mwenye nyumba ya kupanga ya zamani aisajili katika idara ya mazingira na kulipa ada kila mwaka. Kwa miaka mingi ada ilikuwa dola 30 kwa nyumba. Mwanzoni ilihusu nyumba za kabla ya 1950, na kuanzia 2015 ikapanuliwa hadi zile za kabla ya 1978. Kila mpangaji anapotoka na mwingine kuingia, nyumba inapaswa ikaguliwe upya. Wapo wanaoliona daftari kama urasimu tu. Mimi naliona kuwa ndilo uti wa mgongo. Nyumba nyingi za bei ya chini zinamilikiwa na kampuni isiyo na sura, iliyosajiliwa jimbo jingine, ambayo anwani yake ni sanduku la posta. Manispaa haijui nani anapangisha wapi mpaka pale jina, simu na namba ya cheti vinapoandikwa mahali pamoja. Na Maryland imeliunganisha daftari hilo na mahakama ya kodi: anayemshtaki mpangaji kwa kutolipa anatakiwa aonyeshe usajili na cheti chake. Nyenzo hii ina nguvu kuliko faini, maana faini hukatiwa rufaa na kusahaulika, lakini kodi mwenye nyumba anaihitaji kila mwezi. Tangu miaka hiyo visa vya sumu ya risasi kwa watoto wa Maryland vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Sitaki kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Maryland inawaachia wakaguzi binafsi, wanaolipwa na wenye nyumba, kutoa vyeti, na miaka ya karibuni iligundulika kwamba mkaguzi mmoja alikuwa ametoa vyeti visivyoaminika kwa mamia ya nyumba. Familia zilikuwa zimelala kwa amani kwa nguvu ya muhuri wa uongo. Ndiyo maana naona utaratibu wa Rochester, ambapo anayeingia ni mtumishi wa manispaa, ni bora. Pale ambapo wakaguzi ni wa binafsi, serikali lazima irudie kupima sehemu ya nyumba kwa kushtukiza, na majina ya waliodanganya yatangazwe.

Wapo wenye nyumba wanaostahili kusikilizwa: mjane anayepangisha ghorofa ya juu, au mhamiaji aliyenunua nyumba yake ya kwanza kwa jasho na sasa anapangisha nusu yake. Kwao dola elfu kadhaa za madirisha ni mzigo wa kweli. Lakini sheria nyingi hazidai rangi yote ikwanguliwe. Rangi iliyo nzima haimdhuru mtu. Inayodaiwa ni ile inayobanduka irekebishwe na kufunikwa, madirisha yanayosagika yabadilishwe, na vumbi lisafishwe kwa maji mpaka kipimo kikubali. Wizara ya nyumba ya Marekani imekuwa ikitoa ruzuku kwa kazi hiyo tangu 1993, na Lewiston ni mmoja wa miji iliyonufaika. Fedha hizo ziongezwe, na daftari litumike kuwatafuta wenye nyumba wadogo wanaozihitaji kabla ya kuwatoza faini. Jambo moja tu lisiruhusiwe kwa bei yoyote, nalo ni mwenye nyumba kumleta kibarua apige msasa mkavu wakati watoto wamo ndani. Tangu 2010 kanuni za shirikisho zinamtaka fundi anayegusa rangi ya nyumba hizo awe amefunzwa na kuidhinishwa, kwa sababu ukarabati mbaya unaweza kumwaga sumu nyingi kwa siku moja.

Mwelekeo unabadilika. Rhode Island ilipitisha mwaka 2023 sheria ya daftari la nyumba zote za kupanga, na zile za kabla ya 1978 ziambatanishe cheti cha risasi. Asiyejisajili hawezi kumpeleka mpangaji mahakamani kwa kutolipa kodi, na mpangaji wa nyumba isiyo na cheti anaruhusiwa kuiweka kodi yake katika akaunti maalumu mpaka mwenye nyumba atimize wajibu. Mwaka huo huo jimbo la New York likapitisha sheria ya daftari kama hilo kwa maeneo yenye hatari nje ya jiji la New York, pamoja na ukaguzi kila baada ya miaka 3. Buffalo imo katika sheria hiyo, na sasa haina tena kisingizio.

Maine bado inasubiri. Mitaa ya katikati ya Lewiston ni maghorofa ya mbao yaliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotoka Quebec, na leo humo wanaishi Wasomali, Wakongo na Waangola. Watoto wa mji huo wamekuwa wakikutwa na risasi mara kadhaa zaidi ya wastani wa jimbo. Sheria ya Maine ya 2015 ilishusha kiwango kinacholazimu ukaguzi hadi mikrogramu 5 kwa desilita ya damu ya mtoto, na jengo lote hukaguliwa pale mmoja anapoathirika. Ni hatua, lakini bado mtoto wa kwanza lazima aathirike ndipo jirani yake alindwe. Jumuiya zetu za Lewiston na Portland zina wachungaji, masheikh, wakalimani na sasa wapiga kura. Bunge la jimbo linapokaa Augusta, waende na madai mawili yaliyoandikwa: daftari la kila nyumba ya kupanga iliyojengwa kabla ya 1978, na kipimo cha vumbi kabla ya funguo kukabidhiwa.